Rauta mpya ya Wi-Fi 6, spidi imeshuka mpaka 9: nimeuziwa feki?

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa lawama za hapo nyumbani. Kwa wengine wanaosoma, swali lenyewe kwa ufupi ni hili: kijana yuko Raskazone hapa Tanga, nyumba ya zamani ya mawe, bahari wanaisikia. Wanalipia intaneti ya faiba, kifurushi cha Mbps 50. Kile kiboksi cheupe walichofungiwa na kampuni kiko chumba cha nyuma karibu na jiko na waifai yake ilikuwa haifiki vizuri sebuleni, kwa hiyo akaagiza rauta mpya kutoka Kariakoo, ile ya Wi-Fi 6 (toleo la sita la waifai) iliyoandikwa AX3000, akavuta waya kutoka kwenye kiboksi mpaka sebuleni, akaichomeka nyuma ya TV, jina la waifai na paswedi akaweka zilezile za zamani ili watu wasisumbuke kuingiza upya. Sasa hivi spidi ni 9 na nukta, haivuki 10 hata akisimama mbele ya rauta, hata saa nane usiku. Chumbani kwake inashuka mpaka 3, laptopu yake ya zamani ndo kabisa, printa mara inaonekana mara haionekani, na kinachomkera kuliko vyote simu ya mama yake ya bei chee inapiga 40 palepale jikoni. Anauliza kauziwa feki au vipi, airudishe?

Usirudishe kwanza. Kwenye maelezo yako hakuna kitu hata kimoja kinachonionyesha kwamba rauta ni mbovu, ila kuna vitu viwili umeviandika kama malalamiko tu kumbe ndo vinavyonipa jibu.

Cha kwanza ni hiyo 9 na nukta. Waifai mbovu haina tabia hiyo. Waifai ikiwa na tatizo namba zinaruka, unapima unapata 22, unapima tena 7, unageuka upande wa pili 15, jirani akiwasha ya kwake inashuka tena. Na tatizo likiwa la kampuni au la foleni ya watu wengi, usiku wa manane hali inakuwa nafuu maana watu wamelala. Wewe unasema namba ni ileile mchana na usiku, mbele ya rauta, haipandi haishuki. Hiyo sio udhaifu, hiyo ni dari. Kuna kitu mahali kimewekewa kiwango na spidi inagonga hapo. Na madari kwenye mambo ya netiweki yanajulikana: tundu la waya linaongea kwa 10, kwa 100 au kwa 1000, na ukishatoa ile sehemu inayoliwa na vichwa vya pakiti (maandishi ya anwani yanayobandikwa kwenye kila kifungu kidogo cha data), laini ya 10 inakupa kama 9.4, laini ya 100 inakupa kama 94. Fundi yeyote akiona 94 inajirudia anajua palepale kwamba waya au tundu limeshuka kutoka 1000 kwenda 100. Wewe yako imeshuka zaidi, inaongea kwa 10.

Cha pili ni simu ya mama. Inapata 40 kwa sababu haipo kwenye rauta yako mpya kabisa! Iko kwenye kile kiboksi cheupe cha nyuma, ambacho waifai yake hujaizima, na kwa kuwa majina ni mamoja simu haikuona sababu ya kuhama, imekaa na ile inayoijua na ndo iko karibu na jiko. Kwa hiyo mama bila kujua ameshakupimia nusu ya kazi. Faiba inaingia vizuri, kampuni inakupa unacholipia, kiboksi kizima. Spidi inapotelea kati ya kiboksi na rauta yako, na hapo katikati kuna kitu kimoja tu, huo waya.

Sasa tuuongelee waya, maana umeutaja kwa nusu sentensi, eti "nikatumia waya uliokuwepo". Rauta mpya zinakuja na waya wake kwenye boksi lakini mfupi, mita moja hivi, kwa kutoka chumba cha nyuma mpaka sebuleni haufiki, kwa hiyo ukachukua ule wa zamani ambao unasema ulipitishwa nje ukutani miaka hiyo. Nje ukutani Raskazone, jua la mchana kutwa na upepo wa chumvi. Waya wa ndani, ule wa kijivu au buluu, ganda lake halikutengenezwa kwa jua, linakauka linapasuka, unyevu unaingia, na kwenye vichwa ndo balaa zaidi. Hebu uchomoe, ushike kile kichwa cha plastiki kwenye mwanga, utazame vile vibati vidogo vinane vya rangi ya dhahabu. Ukiona kimoja kimegeuka kijani kijani au kimeingia weusi, ushampata mwizi. Angalia pia nyuma ya kichwa kama ganda la waya limebanwa vizuri ndani au zile nyaya ndogo za rangi zinaonekana zinaning'inia nje, hiyo nayo ni dalili ya kichwa kilichotiwa haraka haraka.

Kinachotokea kiufundi ni hivi. Ndani ya waya kuna nyaya ndogo nane, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Kuongea kwa 1000 vifaa vinahitaji jozi zote nne ziwe nzima. Kwa 100 na kwa 10 zinatosha jozi mbili tu, zile zinazoshika nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Ukichomeka, vifaa viwili vinaulizana kwanza tunaweza kwenda kwa kasi gani, na waya ukiwa na hitilafu vifaa vingi vinashuka ngazi kimya kimya badala ya kukata kabisa. Taa inawaka, intaneti ipo, hakuna ujumbe wowote wa kosa, na wewe unabaki unahangaika na waifai wakati waifai haina shida. Umenunua Scania afu unaipitisha kichochoro cha Ngamiani, sasa lawama unampa Scania.

Kuthibitisha ni dakika chache. Ingia kwenye ukurasa wa rauta mpya, wengi wanatumia app yake, tafuta sehemu inayoonyesha hali ya intaneti, nyingi zinaandika kabisa tundu la WAN (lile linalopokea waya wa kutoka kwenye kiboksi) limeshikana kwa kasi gani, 10, 100 au 1000. Kama yako haionyeshi, chukua laptopu, chomeka huo huo waya mrefu moja kwa moja badala ya rauta, nenda kwenye setingi za netiweki za Windows upande wa Ethernet, shuka chini kuna mstari umeandikwa Link speed. Ikisoma 10/10 kesi imekwisha. Afu fanya kinyume chake ili usibaki na shaka: beba rauta mpya mpaka chumba cha nyuma, iunge na kiboksi kwa ule waya mfupi uliokuja nayo, simama hapohapo upime. Naamini utaona 45 mpaka 50. Ukiziona hizo, rauta ni salama na unachohitaji ni waya tu.

Ila wakati wa kupima hakikisha unapima rauta mpya kweli na sio kiboksi, maana majina yanafanana! Nenda uipe rauta mpya jina lingine la muda, chochote, hata "Sebuleni". Bila hivyo utapima kiboksi ukidhani ni rauta, utazunguka mpaka kesho.

Na uangalie kipimo chenyewe. App za kupima spidi zinaandika Mbps, biti. Ukishusha faili kwenye kompyuta mara nyingi inaandika MB kwa sekunde, baiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kifurushi cha 50 kikiwa kwenye hali nzuri kabisa kwenye faili utaona kama 6 na kidogo. Kuna watu wanagombana na watoa huduma kwa hili tu.

Ukienda kununua waya, hapa ndo naomba usiwe na haraka. Omba Cat5e au Cat6, kwa umbali wa nyumba yoyote ni sawa maana kiwango kinaruhusu mpaka mita 100, usishawishike kununua Cat8 ya bei kali kwa intaneti ya 50. Kinachojalisha zaidi ni shaba. Madukani kuna waya mwingi ambao ni alumini imepakwa shaba juu juu, ni rahisi, mwepesi mkononi, unakatika ukiukunja mara mbili tatu na kwa masafa marefu unasumbua. Muombe muuzaji akukatie kipande, chukua wembe ukwangue ule uzi mdogo wa ndani, ukibaki mwekundu ndani ni shaba, ukitoa weupe wa fedha mrudishie. Kama utapita nje tena, chukua ule wenye ganda jeusi la nje, au upitishe ndani ya bomba la umeme la plastiki, na hapo unapoingia dirishani ushushe kidogo chini ya tundu kabla haujaingia ili maji ya mvua yadondoke yasifuate waya mpaka kwenye kichwa.

Kutia vichwa muite fundi mwenye koleo lake, si gharama kubwa, lakini simama hapo uangalie mpangilio pande zote mbili. Kichwa ukikishika kile kijilimi cha kubania kikiwa chini na vibati vinakutazama juu, kutoka kushoto iwe mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Fundi wengine wanapanga jozi kwa kufuatana, chungwa kwa chungwa, kijani kwa kijani, wakisema "mradi pande zote zifanane". Si kweli. Nafasi ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja, ukizivunja kila moja ikatoka jozi yake kelele zinaingia, taa itawaka na kale kakifaa kadogo ka fundi ka kupima kataonyesha namba zote nane sawa, ila spidi itakuwa mbovu, unarudi palepale. Akimaliza angalia Link speed kabla hujamlipa, iandike 1000.

Kabla hujaenda dukani lakini, kuna mshukiwa mmoja wa pili anayeweza kutoa dari kama hiyo, mwangalie ili tumtoe. Rauta nyingi wakati wa kuziwasha mara ya kwanza zinakuuliza intaneti yako ni Mbps ngapi, kwa ajili ya kugawa spidi, ile wanaita QoS. Mtu anajaza 10 ili apite haraka, basi rauta inatii na kubana kila kitu kwenye 10. Nenda uzime kabisa hiyo QoS. Kwa nyumba yenye 50 na watu wachache huihitaji, na kwenye rauta nyingine ikiwashwa inailazimisha prosesa kupitia kila pakiti, inapunguza kasi hata kama namba umejaza sahihi.

Haya, tuseme 10 imeondoka sasa una 50 sebuleni. Chumbani kwako bado patasumbua, na printa bado itapotea potea, hayo ni matatizo mengine.

La printa linatokana na wewe kuwa na rauta mbili ndani ya nyumba moja. Kile kiboksi cheupe si modemu tu, na chenyewe ni rauta, kinagawa anwani zake. Rauta yako mpya inapokea anwani moja kutoka kwake halafu inatengeneza mtandao wake mwingine ndani. Simu ikiwa kwenye kiboksi na printa iko kwenye rauta mpya haziwezi kuonana, na kwa kuwa jina ni moja hujui simu imeingia wapi, ndo unaona leo ipo kesho haipo. Dawa ninayoipenda kwa nyumba kama yenu ni kuibadilisha rauta mpya iwe Access Point, iko kwenye menyu ya Operation Mode, hapo inaacha ubosi wa kugawa anwani, inarusha waifai tu, nyumba nzima inakuwa mtandao mmoja. Jua tu kwamba ukishafanya hivyo anwani ya kuingilia rauta mpya itabadilika, utaikuta kwenye orodha ya vifaa ndani ya kiboksi au kupitia app yake, usije ukadhani imekufa. Kuna watakaokushauri upigie kampuni wakigeuze kiboksi kiwe daraja tupu na rauta mpya ndo iwe bosi. Inawezekana, na kwa mtu wa kucheza magemu au mwenye kamera za kuangalia akiwa mbali ina faida, ila kuna jina la mtumiaji na paswedi za laini utahitaji kutoka kwao, na siku ikisumbua kila upande utamrushia mwenzake mpira.

Ukishakuwa na mtandao mmoja, majina kufanana hakuna ubaya tena, hapo ndo inafaa, simu itahama kutoka nyuma kwenda mbele bila kuulizwa. Ila mimi ningeizima tu waifai ya kiboksi kama rauta mpya inafika jikoni, maana simu nyingi zinang'ang'ania waifai ya kwanza mpaka iwe hoi ndo zinaiachia. Ukiizima, mama asipopata vizuri jikoni, iwashe tena, usimfanye akose tamthilia yake kwa ajili ya nadharia zangu.

Na tafadhali, ukiwa kwenye kiboksi usibonyeze kale katundu ka reset. Setingi za kampuni zinaweza kufutika, utakaa bila intaneti mpaka waje. Na ule uzi mwembamba wenye kichwa cha kijani usiuchomoe wala usiukunje ili upite nyuma ya kabati, ndani ni kioo, ukikunjwa sana mwanga unavuja, na kichwa chake kikiguswa na kidole uchafu unazuia mwanga. Kama kuna taa imeandikwa LOS (yaani mwanga wa faiba haufiki) inawaka nyekundu hiyo sasa ndo kesi ya kampuni.

Chumbani sasa. Hiyo rauta yako inarusha masafa mawili, 2.4 na 5 GHz. Ya 5 ina kasi ila haipendi kuta, ya 2.4 inapenya zaidi ila ni ya polepole na imejaa kelele za kila mtu. Nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene vile, na rauta umeificha nyuma ya TV. TV ni bati kubwa tu kwa macho ya waifai! Itoe hapo, ipandishe juu, ukutani au juu ya kabati, na kama waya mpya utakuruhusu iweke kwenye korido ambako milango ya vyumba inatazama, maana waifai mlango wa mbao unapita kirahisi kuliko ukuta wa mawe. Hii peke yake inafanya kazi kuliko setingi zote. Usikimbilie kununua zile za kuchomeka ukutani za kurefusha waifai, nyingi zinapokea na kurusha kwa redio moja kwa hiyo spidi inagawanyika karibu nusu. Kama baada ya kuhamisha chumba bado kigumu, vuta waya mwingine mpaka chumbani na uweke hata rauta yoyote ya zamani kwenye hali ya Access Point.

Kwenye setingi, upande wa 2.4 weka upana wa chaneli uwe MHz 20, chagua kati ya chaneli 1, 6 na 11 ile isiyo na watu, hizo tatu pekee ndo hazikanyagani. Upande wa 5 weka upana wa MHz 80. Ile 160 iliyoandikwa kwa mbwembwe kwenye boksi achana nayo, ikitumika rauta inaingia kwenye chaneli ambazo kisheria lazima isikilize kwanza kama kuna rada, waifai inachelewa kutokea au inahama ghafla, na kwa kifurushi cha 50 haikuongezei hata moja. Na wakati tuko kwenye boksi, 3000 ni kama jumla ya 574 ya 2.4 na 2402 ya 5, namba za maabara, hakuna simu utakayoishika ikaiona. Rauta haiongezi kinachoingia kutoka nje.

Laptopu yako ya zamani inawezekana inaona 2.4 tu, hiyo haina tiba kwenye rauta, ama uichomeke kwa waya au ununue kidude cha waifai cha USB chenye 5 GHz. Lakini kwanza angalia aina ya usalama uliyochagua. Umesema uliweka "kama ya zamani". Kama ni ile yenye neno TKIP ndani yake, hilo ni dari lingine, kiwango chenyewe cha waifai kinakataza kasi za kisasa kwenye TKIP, kila kifaa kinabaki kwenye 54 ya karatasi ambayo kwa kweli ni kama 20. Chagua WPA2 yenye AES. WPA3 ni nzuri zaidi ila printa na laptopu za zamani zinaweza kukataa kuingia.

Kuna mengine umeuliza mwishoni, eti inajizima ikikatika umeme na kurudi. Ulisema umeichomeka kwenye kile kibetri cha akiba cha rauta ya zamani. Geuza rauta usome chini, ikisema 12V 2A na kibetri kinatoa 1A, hapo hapatoshi, itawaka vizuri ikiwa haina kazi afu ikizidiwa inajizima na kuwaka upya. Volti zilingane, ampea za kibetri ziwe sawa au zaidi.

Mwisho, ukishafika 50 uhifadhi picha ya kipimo, kwa waya na kwa waifai, siku ikishuka tena utakuwa na cha kulinganishia, uanze na waya kwenye kiboksi kabla ya kugusa chochote. Kuna siku kosa haliko nyumbani kwako wala kwa kampuni yako, kama tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na nchi nzima tukawa tunatambaa, na kuna watu walikesha wanabadilisha setingi za rauta. Anza na ule waya kesho asubuhi, ukisoma Link speed nitumie namba, na kama itasema 1000 na bado una 9 na QoS umezima, hapo ndo tutaanza kuizungumzia risiti ya Kariakoo, kwa hiyo boksi usilitupe.